Jimi na Dawa ya Ng'ombe

Harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe ukiinusa mara moja haikutoki puani. Hata leo nikipita karibu na duka la dawa za mifugo hapa mtaani Tena nafunika pua kwa leso, na mimi si mtu wa kuogopa harufu, waulize majirani. Niliinusa mara ya kwanza tukikaa mtaa wa Makadara, nina miaka kama tisa, mwaka ule nilioacha shule, lakini hayo si ya leo. Tulikuwa na mbwa mwekundu, Jimi, sikio moja limelala, na mvua zikamletea kupe hadi katikati ya vidole. Huyu alimpaka oili chafu ya gari, yule mafuta ya taa. Kila mtu daktari. Ndipo mjomba akaja kutoka Murang'a na dawa ya josho ndani ya chupa ya soda. Karatasi ya maelezo hakuna, kipimo hakuna. "Ng'ombe anaogeshwa na hii na hafi," akasema, "sembuse mbwa?" Akamimina kwa macho ndani ya karai la maji, akamwogesha Jimi.

Kabla chai ya mjomba haijapoa Jimi alikuwa anatetemeka, mate yanamtiririka, miguu ya nyuma imekataa. Mjomba akasema ni kupe wanakufa, aachwe. Nikamwambia, "Mjomba, anayekufa ni Jimi." Mtoto wa kike kumjibu mjomba hivyo! Mama akanyanyua mwiko. Sikungoja. Nilinyakua sabuni, nikambeba Jimi hadi mferejini, nikapita foleni yote ya ndoo na kumweka chini ya maji.

"We kasichana, maji ya watu unaoshea mbwa?"

"Ndiyo. Nipigeni nikimaliza."

Mama Halima, ambaye zamu ilikuwa yake, alivuta ndoo yake mbali Jimi asije akaigusa, halafu akawageukia wenzake: "Mwacheni amalize. Mnyama naye ana roho." Mikono iliniwasha wiki nzima, na mwiko niliupata. Lakini asubuhi Jimi alisimama, akala ugali. Tangu hapo nilimtoa kupe kwa vidole, mmoja mmoja, na hakuna aliyethubutu kumpaka kitu tena.

Siku hizi dawa ni nyingi: tone la shingoni la viroboto na kupe, kidonge cha minyoo, hata mkanda wa shingoni wa kufukuza kupe. Kilichobaki vile vile ni watu kupima kwa macho. Juzi nilimpeleka mbwa wangu Bosi kwenye duka hilo la dawa, kijana wa duka, wa umri wa mjukuu wangu, akamtazama tu: "Shosho, huyu ni wa kati, kadiria." Kukadiria? Nilipanda mizani ya magunia na Bosi mikononi, kisha peke yangu, tukatoa uzito wangu. Wateja wakacheka kilo zangu. Wacheke. Nikamwambia kijana anisomee karatasi ya dawa yote, maana mimi kusoma ni kwa shida, halafu arudie.

"Shosho, kuna foleni."

"Foleni nilizipita tangu Makadara. Soma."