Ndugu wa Inspekta

Mama yangu alikuwa akiuza omena mtaani Kambi Muru, na akikosa mteja alisoma vitabu vya upelelezi. Kitabu alikiweka magotini, chini ya meza ya mbao, ili harufu ya samaki isikifikie, lakini ilikifikia. Vitabu vyote vilivyopita kwetu vilinuka omena. Nilipoanza kuazima vitabu kwa watu wengine, nikiwa msichana mkubwa, nilishangaa kuona karatasi haina harufu.

Kila kitabu alianza na ukurasa wa mwisho. Alikifungua nyuma, akasoma mpaka ajue muuaji ni nani, kisha akakigeuza na kuanza mwanzo kama mtu ambaye hajui kitu. Mimi nilikuwa mtoto wa kusoma kwa mpangilio, na jambo hilo lilinikera.

"Sasa utasoma nini na umeshajua?" nilimuuliza siku moja.

"Nitamsoma yeye," alisema. "Nikijua ni nani, naweza kumwangalia vizuri. Nione vile anakula, vile anasalimia watu."

Vitabu tulivipata kwa mchuuzi mmoja aliyevitandaza juu ya gunia kando ya reli. Ukimrudishia kitabu kikiwa na kurasa zote, alikubadilishia. Kwa hiyo hatukuwahi kuwa na rafu ya vitabu. Kimoja kiliingia, kingine kikatoka, na kilichobaki nyumbani ni maneno ya Mama kuhusu walioviandika. Alizungumza juu ya waandishi kana kwamba ni majirani wa ploti. Alikuwepo mgeni mmoja wa nchi za baridi aliyeandika mfululizo mrefu ambamo kila muuaji alikuwa daktari au muuza dawa. Mama alimwita Yule wa Madaktari na aliamini kuna daktari aliyewahi kumkosea. Alikuwepo mwanamke aliyeandika habari za mshonaji mstaafu anayechunguza vifo katika mji wa milimani. Huyo Mama alimpenda sana kwa sababu katikati ya maiti na maswali hakusahau kutaja watu walikuwa wanakula nini.

"Huyu amewahi kulala njaa," alisema.

Na alikuwepo mmoja, maarufu kuliko wote, ambaye katika kila kitabu aliua msichana na kuueleza mwili wake kwa kurasa nzima. Mama alikirudisha kitabu chake siku iyo hiyo. "Huyu anafurahia," alimwambia mchuuzi. Mchuuzi alicheka, lakini hakumpa tena vitabu vya mtu huyo.

Mfululizo alioupenda Mama hasa ulikuwa wa Kiswahili. Ulimhusu inspekta mmoja wa mji mdogo wa njia panda, mtu mzima mwenye vidonda vya tumbo, anayetembea kwa miguu kwa sababu gari la kituo halina mafuta. Anakunywa maziwa wenzake wakinywa bia. Hapigi mtu. Anauliza swali, anasubiri, na watu huchoka na kimya chake kabla yeye hajachoka na uongo wao. Kwenye jalada la nyuma kulikuwa na picha ya mwandishi, mwanamume mwembamba aliyevaa sweta yenye vifungo, akitazama pembeni kama aliyeitwa na mtu wakati wa kupigwa picha.

Kesi za inspekta huyo zote zilikwisha. Mwizi wa mifugo alipatikana, mke aliyemwekea mumewe sumu alipatikana, mhasibu wa chama cha wakulima alipatikana. Jambo moja tu halikwisha. Mdogo wake inspekta alitumwa na mama yao kununua mafuta ya taa, zamani wote wakiwa vijana, na hakurudi. Katika kila kitabu kulikuwa na aya moja juu yake, mara nyingine mistari michache tu. Inspekta anamwona mtu kwa nyuma njiani, anaongeza mwendo, anampita, anageuka kumtazama. Si yeye. Kisha anaendelea na kesi.

Hapa yafaa niseme habari za baba yangu. Alikuwa fundi wa mjengo. Asubuhi moja nikiwa darasa la nne alichukua mwiko wake na chakula chake, akaenda kazini upande wa viwandani, na hatukumwona tena. Wenzake walisema alifika na alifanya kazi mpaka saa za kutoka. Mama alimtafuta. Najua alienda polisi, hospitali na kwa ndugu zake kule ziwani, kwa sababu kila aliporudi niliona viatu vyake vimejaa vumbi la rangi tofauti. Aliyoyaona huko hakunieleza. Watu wa kanisani walileta unga na maombi, kisha wakazoea. Na sisi tukazoea, kwa namna ambayo mtu huzoea mlango usiofunga vizuri. Mama hakuwa msomaji wa kitu chochote isipokuwa Biblia kabla ya mwaka ule. Mambo hayo mawili sikuyaunganisha mpaka nilipokuwa mwanamke mzima.

Nilihamia Kawangware nilipopata kazi ya kusuka nywele, na baadaye nikafungua saluni yangu karibu na stage ya matatu ya 56, katikati ya duka la misumari na mabati na mwanamke anayeuza mitumba ya watoto. Mama alibaki Kambi Muru mpaka macho yalipomharibikia. Daktari alisema ni presha ya macho, kwamba imechelewa kugunduliwa, kwamba kitakachobaki ni mwanga na vivuli. Nilimleta kwangu. Alikuja na nguo zake, sufuria yake ya omena ambayo nilimwomba aiache na hakuiacha, na kitabu kimoja cha inspekta ambacho alikuwa hajakirudisha kwa mchuuzi.

Asubuhi, kabla wateja hawajajaa, nilimsomea saluni, na kikiisha nilikipeleka kwa mchuuzi wa reli akanibadilishia kingine cha inspekta. Baadaye nikamsomea hata wateja wakiwepo, kitabu kikiwa mkononi mwa msaidizi wangu au mwa mteja mwenyewe, mikono yangu ikiwa kichwani mwa mtu. Wasichana waliokuja kusukwa walikuwa na simu zao, na mwanzoni waliendelea kuziangalia. Kisha mmoja akauliza, "Ngoja, si huyo mhasibu alisema hakuwa mjini?" na tangu hapo simu ziliwekwa chini. Wengine walipanga siku ya kusukwa kufuatana na sura tuliyofika.

"Mathe, we unajua ni nani, si ndio?" walimwambia Mama. "Tupe basi."

"Najua. Kaeni mngoje."

Nilipofika kwenye aya ya mdogo wake inspekta, Mama alisema, "Rudia hapo." Nilirudia. Kitabu kilichofuata, tena, "Rudia hapo." Nilikuwa nikisuka nywele za mwalimu wa chekechea siku nilipoelewa. Mikono ilisimama, mwalimu akadhani nimemaliza, akashika kioo. Nilimwambia bado. Mama alikuwa ameinamisha kichwa akisubiri niendelee, na niliendelea.

Ni mwalimu huyo aliyetuambia juu ya mwandishi. Alichukua kitabu kutoka kwa msaidizi wangu, akatazama picha ya nyuma, akasema, "Lakini huyu ni mzee wa ploti yetu. Huyu ndiye anafuga kuku hapo nyuma."

Hatukumwamini. Tulidhani mwandishi wa vitabu vingi hivyo anakaa mahali penye lango kubwa. Mwalimu alienda akamuuliza, na Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, nilimshika Mama mkono tukaenda.

Ilikuwa ploti ya kawaida, vyumba pande mbili, kamba za nguo katikati. Alikuwa amezeeka kuliko picha, lakini sweta ilikuwa ya aina ile ile. Alitutolea viti nje, akamwita Mama "mama", akamimina chai kwa mkono uliotetemeka, na chai nyingi ikaingia kwenye sahani. Alikuwa na furaha ya kutembelewa, nadhani. Alitueleza jinsi alivyomtunga inspekta akiwa mwalimu wa shule za mashambani, jinsi alivyompa vidonda vya tumbo kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa navyo. Mama alimwachia mpaka amalize. Kisha akauliza alichokuja kuuliza.

"Yule ndugu ya inspekta, alienda wapi?"

Mzee alitabasamu. "Kila mtu huniuliza hivyo."

"Na huwaambia nini?"

"Huwaambia wasubiri kitabu kingine."

"Mimi niambie ukweli."

Kuku walikuwa wakipekua takataka karibu na miguu yetu. "Ukweli ni kwamba sijui, mama," alisema. "Nilitaka inspekta awe na kitu cha kumsumbua moyoni, asiwe mtu wa kazi tu. Nikamwondoa huyo kijana. Sikumpangia aende mahali."

"Kwa hivyo hujamtafuta."

"Sijamtafuta."

Nilifikiri Mama atakasirika, nikaanza kutafuta maneno ya kuaga. Lakini alisema kwa sauti ile ile, "Mimi wangu nilimtafuta," na akaanza kumweleza. Alimweleza mtu huyu asiyemjua mambo ambayo mimi binti yake sikuwa nimeyasikia. Kwamba kituoni walimwambia wanaume huondoka, arudi baada ya wiki. Kwamba alilala kwa shemeji yake kule ziwani, na shemeji akamtazama kana kwamba yeye ndiye aliyemficha. Kwamba mochari walimwonyesha mwanamume mmoja aliyeokotwa barabarani, mwenye urefu wa baba, mwenye mikono ya saruji.

"Hakuwa yeye," Mama alisema. "Lakini nilisimama naye kidogo. Mfanyakazi wa mochari aliniambia hakuna mtu alikuwa amekuja kwake tangu aletwe. Nikasimama naye. Nikamwombea kwa lugha yetu, sijui kama ilikuwa yake."

Nilitazama chai yangu. Sikulia, na sijui kwa nini natarajiwa kusema nililia. Nilikuwa nafikiri juu ya viatu vyake vya vumbi, na jinsi alivyorudi siku hiyo, siku yoyote ile iliyokuwa, akapika, akaniuliza kama nimefanya kazi ya shule.

Mzee alikuwa amesogea mbele kwenye kiti. Alisema polepole, "Hiyo ya kusimama na huyo mtu. Unaweza kunikubalia niiandike?"

"Hapana," Mama alisema. "Hiyo ni yangu."

Mzee alirudi nyuma. "Samahani, mama."

"Hujakosea kuuliza. Lakini huyo kijana wako usimwache tu hivyo. Mtu aende akamtafute."

"Unataka apatikane?"

Mama alifikiri. "Hapana. Ukimrudisha mwisho wa kitabu, nitajua umenionea huruma. Atafutwe tu."

Mzee alituambia haandiki tena, mkono umekataa. Mwalimu wa chekechea, aliyekuwa amesimama mlangoni pake akisikiliza bila kuficha, alisema yeye ana kompyuta ya shule na Jumamosi hana kazi.

Kitabu kile kilichukua muda mrefu. Mzee alisema, mwalimu akachapa, na sura zilizokamilika aliniletea saluni akija kusukwa. Hakikupata mchapishaji. Aliyekuwa akimchapishia zamani alikuwa amefunga, na wengine walisema vitabu vya upelelezi vya Kiswahili haviendi kama si vya shule. Wakaenda saiba, duka la kompyuta pale stage, wakatoa nakala chache, wakazibana kwa pini kubwa. Katika kitabu hicho inspekta amestaafu. Hakuna maiti. Anapanda basi, anashuka, anauliza watu kuhusu kijana aliyebeba chupa ya mafuta ya taa, na watu wanamwambia wanayoyakumbuka, ambayo ni kidogo. Mochari haimo. Mzee alishika neno lake.

Kwa kusema kweli si kitabu chake kizuri. Katikati kinazembea, na kuna mazungumzo ya abiria ambayo hayafiki popote. Wasichana wa saluni walilalamika kwamba hakuna mtu anayekufa. Mama alikisikiliza chote, na hakuniambia nirudie mahali popote. Nilipomaliza nilimuuliza anaonaje.

"Ametembea," alisema. "Miguu imemuuma. Ni sawa."

Jumapili kadhaa baada ya hapo alinituma nimpelekee mzee omena waliokaangwa vizuri. Naye alinirudishia bakuli likiwa na mayai. Sijui kama huo ulikuwa urafiki. Hawakutembeleana sana, na wakikutana walizungumza habari za tumbo na macho. Mwaka jana watoto wake walikuja kumchukua kwenda mashambani. Mwalimu anasema bado yuko, anakula vizuri, kuku alimwachia yeye.

Sasa tunamsoma mwandishi mwingine, mwanamke kijana anayetoa hadithi zake kwenye simu, sehemu baada ya sehemu. Shujaa wake ni askari wa kike wa trafiki anayenusa uhalifu kwenye magari anayoyasimamisha. Ninazipenda kuliko za inspekta, na nimemwambia Mama hivyo. Lugha yake ni ya mtaani na wateja wanaielewa bila kueleweshwa. Mama anasema mwandishi huyo ana haraka, na kwamba msichana mwenye akili hivyo hangeacha bastola kwenye gari. Jana mteja mmoja, nywele zake zikiwa zimesukwa upande mmoja tu, alisimama kabisa kutoka kwenye kiti akibishana naye kwamba muuaji ni makanga wa matatu.

"Si yeye," Mama alisema. "Keti usukwe."

"Mathe, lakini umejuaje?"

"Ana maneno mengi. Keti."