Ukungu wa Chumba cha Fundi Cherehani

Fundi cherehani alikohoa miezi sita katika chumba ambacho ukuta wake ulikuwa mweusi kwa ukungu. Mwenye nyumba, bingwa wa kila fani isipokuwa mabomba, alimwambia, "Mama, tatizo ni wewe. Unapumua sana." Kisha akapaka rangi juu ya ukungu, na tatizo likaisha kwa siku nne nzima.

Fundi akakusanya picha, cheti cha daktari na nakala za barua zake za malalamiko, akafungua shauri kwenye baraza la nyumba. Mwenye nyumba aliapa kuwa bomba linalopita kwenye ukuta huo halivuji, basi wazee wa baraza wakaenda kulitazama. Lilivuja mbele yao bila aibu.

Mwenye nyumba aliamriwa kulitengeneza na kulipia matibabu. Fundi alishahamia kwa dada yake. Siku hizi hakohoi tena usiku, ila analalamika kwamba dada anakoroma.