Mkutano Uliofungwa kwa Maombi

Hata leo nikisikia redio inayokwaruza kwa betri zinazokaribia kuisha, nasubiri kuambiwa nani amefariki. Mwaka wa korona, kwetu Matiliku, redio ilikuwa ya Susu, nyanya yetu, na saa ya matangazo ya vifo hakuna aliyethubutu kuigusa. Matanga yalikuwa yamekatazwa isipokuwa kwa watu wachache, kwa hivyo kwa Susu kusikiliza ndiko kulikokuwa kuzika. Aliinamisha kichwa akitaja ukoo wa kila marehemu, kisha akaizima na kuanika betri juani ili zimfikishe kesho. Masomo ya darasa la nane yalitangazwa saa hiyo hiyo, kwenye stesheni nyingine. Dada yangu Mueni alikaa mlangoni miezi yote hiyo na daftari magotini, pambizo limepigwa vizuri kwa rula, na ndani hamna kitu.

Oktoba ikaja na habari kwamba darasa la nane warudi shuleni. Wazazi wengi waliogopa, na kwa hilo siwalaumu, maana mzee mmoja wa kanisa letu alikuwa amezikwa na watu waliovaa plastiki mwili mzima. Mkutano uliitwa kanisani kuamua kama watoto warudi au waendelee kusomea nyumbani. Baba alikuwa mwenyekiti wa wazazi, tena mzee wa kanisa. Kila mtu pale alijua pia kwamba mvua ilikuwa karibu, na kwetu mbegu huingia kwenye vumbi kabla haijanyesha. Plau yetu ilitaka watu watatu: Baba aishike, Mueni aongoze ng'ombe, mimi nidondoshe ndengu. Hilo halikutajwa hata mara moja.

"Tusiharakishe," Baba alisema. "Hii ugonjwa haijaisha. Na watoto wanasoma na redio, hawajakaa bure."

Mwalimu mkuu, mama mpole aliyekuwa akituzungukia nyumba kwa nyumba, aliuliza kama kuna mtoto wa kuthibitisha hayo. Baba akanigeukia. Nilikuwa darasa la sita.

"Ndanu, ambia mwalimu. Redio inafundisha ama haifundishi?"

"Inafundisha, Baba."

Sikudanganya kabisa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Redio ilifundisha, sisi ndio hatukuwahi kuisikia ikifundisha. Mueni akainua mkono kama wanavyoinua darasani, kidole kimoja juu. "Mueni, sema," mwalimu akamwambia. Baba naye alikuwa amemwona. "Asanteni sana," akasema haraka, "tusipoteze muda ya watu. Tuombe." Kwetu, mzee akishatamka hivyo macho hufumbwa, na amina ikishaitikiwa jambo limekwisha, anayelifufua huonekana anabishana na Mungu. Niliitikia amina kwa sauti kubwa. Nilipofumbua macho mkono wa Mueni ulikuwa bado juu, na watu walikuwa wameanza kuinuka na kutafuta kofia zao.

Kesho yake tulipanda. Mueni aliongoza ng'ombe bila kunisemesha, na ndengu za msimu ule zilizaa kuliko za mwaka wowote, jambo lililonikasirisha. Wenzake wa upande wa Kilungu walikuwa darasani muhula mzima. Yeye alirudi Januari pamoja na sisi wadogo, akaufanya mtihani baada ya wiki chache tu. Baba alizisoma alama zake mara moja, akakunja karatasi na kusema shule ya upili ni ya wanaoiweza.

Sasa mgongo wa Baba umechoka na anayeshika plau ni Mueni. Mimi niko chuo cha ualimu, na masomo mengine nayafuata kwa simu nikiwa nimelala kitandani. Wahadhiri wetu husifu kusomea mbali. Mimi hunyamaza, kwa sababu niliwahi kuulizwa swali hilo mbele ya watu na najua nilivyojibu. Krismasi iliyopita tulikuwa mezani wote, chakula kinatoa mvuke, Baba akasema, "Tuombe." Safari hii sikufumba macho. Mueni pia hakufumba. Nilidhani nitamkuta akimtazama Baba, lakini alikuwa akinitazama mimi.