Pilau kwa Mlalamikaji

Mume wangu atakuja kunitia wazimu. Jioni moja, mbele ya stesheni ya Tensta, huku Sweden tunakoishi, mlevi wa jengo la pili kutoka letu alimjia kainua chupa. Mume wangu akamsukuma, mlevi akaanguka, mkono wake ukavunjika. Polisi walipomhoji, mlevi alisema chupa ilikuwa mfukoni. Basi mume wangu akashtakiwa kwa shambulio.

Wakili alitueleza polepole kama watoto: sheria inakuruhusu kujikinga, mradi nguvu zako zisizidi mno ile hatari. Ila lazima mahakama ione hatari ilikuwepo. Akamwonya asimsogelee mlalamikaji. Mume wangu anatunza wazee. Akitiwa hatiani kwa kupiga mtu, kazi hana tena.

Wiki haijaisha, baba watoto kapika pilau, kaipeleka kwa yule mlevi, kamwomba samahani. Tena kwa Kiswidi kilichonyooka, mlalamikaji asije akakosa kuelewa.

"Samahani ya nini?" nilimuuliza.

"Mtu ameumia, mama watoto. Nisiende kumpa pole?"

"Si wewe uliyemuumiza?"

"Ndiyo maana."

Nilitamani kumrushia mwiko. Wenzetu wa msikitini wakamsifu, eti kafanya kiungwana. Rahisi kwao, si wao watakaofukuzwa kazi. Binti yetu mkubwa aliniambia kwa Kiswidi kwamba baba amekiri kosa na kulifungashia chakula. Nilikasirika zaidi kwa sababu alikuwa sahihi.

Mahakamani mlalamikaji alihojiwa kwanza. Mwendesha mashtaka akaiendea pilau moja kwa moja: je, mshtakiwa alikuja kwako kuomba msamaha? Nikafumba macho. Nilimchukia mume wangu wakati ule, nasema kweli.

"Alikuja," mlevi akasema. "Nikamuuliza anaomba msamaha wa nini. Akasema, mkono wako umevunjika."

"Alisema alikukosea?"

"Hapana. Alisema ningeinua tena ile chupa, angenisukuma tena. Halafu akanikatia nyama, maana mimi nilikuwa siwezi."

Mwendesha mashtaka akamkumbusha alivyowaambia polisi kuhusu mfuko.

"Niliinua chupa," mlevi akasema. "Nilimlenga kichwani. Miezi yote hii, hakuna mwingine aliyekuja kuniona."

Mume wangu aliachiwa huru. Mimi nilibaki kwenye benchi nikilia, na hasira zangu zote bado ninazo, sijui nimpe nani.