Damu Chini ya Damu

Nakumbuka adhuhuri moja ya kiangazi, mwanangu, nilipoinamia hadubini nikaona ugonjwa wa mtu aliyekwisha kuzikwa ukiwa katika damu ya mkewe aliye hai. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Leo nina wajukuu, na bado nikilifikiria jambo lile mikono hunipoa hata kwenye joto la mwezi wa kumi.

Nakusimulia wewe uliyekabidhiwa juzi beseni la slaidi uzioshe, ukanuna. Usikatae, nilikuona. Ulijiuliza kama hiki ndicho ulichosomea, kufuta vipande vya kioo vilivyo sawa na kidole. Hata mimi nilinuna vivyo hivyo, tena zaidi yako, maana mimi ni mtoto wa Tabora mjini, wa nyumba ya wafanyabiashara, nililelewa kwa halua na kusifiwa. Nilipopangiwa zahanati ya porini, upande wa Kaliua, nililia kwenye treni mpaka abiria mwenzangu akanipa kipande cha muwa ninyamaze.

Fundi wa maabara pale aliitwa Mzee Mihambo, Mnyamwezi wa Kwihara, mtu wa maneno machache. Zahanati haikuwa na umeme. Hadubini ilipata mwanga kwa kijioo kilichonasa jua la dirishani, kwa hiyo damu tuliitazama mchana, watu wakiwa wamejificha jua majumbani, kimya hata kuku humsikii. Ukiinamia lenzi saa ile unajihisi umebaki peke yako duniani. Siku ya kwanza Mzee aliniambia, "Usizungumze peke yako ukiwa unatazama."

Nikamuuliza kwa nini.

"Utakuja kujibiwa," akasema. Sikujua kama ananitania. Mzee yule alitania kwa uso uleule aliosali nao.

Slaidi zilikuwa chache. Boksi jipya lilichukua miezi kufika, basi zilizotumika tuliziloweka kwenye dawa, tukaziosha, tukazitumia tena. Isipokuwa zile za sanduku la mbao. Humo Mzee alitunza damu za kufundishia: za malaria, za homa ya papasi, na za malale, ule ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o. Kila slaidi ilikuwa na namba aliyoikwaruza pembeni kwa kalamu ya almasi, ndogo mno, huioni mpaka uinamishe kioo juani. "Hizi hazioshwi," aliniambia. "Hizi zina wenyewe."

Mwezi wa tisa akapata msiba kwao, akaondoka, akaniachia ufunguo. Wiki hiyo kisima kilikuwa kimeshuka. Akina mama walipanga foleni ya ndoo tangu alfajiri, na zahanati ilipewa ndoo mbili kwa siku. Jumatatu slaidi safi zikaniishia. Nilifanya nini? Nilifungua sanduku la mbao, nikatoa sita bila hata kutazama ni za nani, nikazisugua kwa sabuni, nikazisuuza mara moja tu katika maji yaliyokwisha kuchafuka, nikazifuta kwa pindo la kanga. Kwa macho ziling'aa. Mdharau mwiba mguu huota tende, wahenga walisema, ila safari hii tende iliota kwenye mguu wa mtu mwingine.

Jumanne akaja Nyamizi, mwanamke wa miaka kama thelathini, mjane wa mlina asali aliyeitwa Maganga. Mumewe alikuwa amekufa kwa malale miezi minne nyuma. Nyamizi alikuwa na homa, kichwa kinamgonga. Alipokaa kwenye benchi akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mume wangu ananijia usingizini, mdogo wangu. Hasemi kitu. Ananyoosha kibuyu tu, anaomba maji."

Nikampa pole. Nikamtoboa kidole, nikapaka damu kwenye slaidi moja ya zile sita, nikaiacha ikauke, nikaitia rangi. Adhuhuri nikainama.

Walikuwa pale, vile vijidudu vya malale, vyembamba, vimepindapinda kati ya chembe za damu yake, rangi yake imepauka kuliko nilivyofundishwa. Havikusogea, maana kilichokauka kwenye kioo hakisogei. Lakini nilipata hisia mbaya kwamba vilikuwa vikisubiri kuonekana. Nilijikuta nasema kwa sauti, "Wewe ni nani?" Kisha nikakumbuka onyo la Mzee, nikaziba mdomo kwa mkono.

Nikakimbia kwa tabibu, nikamwambia ni malale. Akaandika barua palepale: Ijumaa Nyamizi apande treni kwenda Tabora, hospitali, akachomwe sindano ya malale. Sindano ya siku zile, mwanangu, ilikuwa dawa inayounguza mshipa. Mgonjwa aliambiwa mapema kwamba huenda ikamuua yenyewe kabla ya ugonjwa.

Habari ikatoka nje wino haujakauka. Hakuna aliyesema Nyamizi anaumwa. Walisema Maganga amemfuata mkewe.

Nikarudi kufunga hadubini. Nikaichukua ile slaidi, nikaiinamisha juani ili niifute mafuta ya lenzi, na pembeni ikajitokeza namba iliyokwaruzwa. Nikafungua daftari la sanduku. Namba ile ilikuwa ya Maganga.

Kwa muda mfupi niliamini kile ambacho kijiji kilikiamini. Halafu nikaelewa, na nilichokielewa kilikuwa kibaya zaidi ya mzimu, kwa sababu kilitoka mikononi mwangu. Damu ya marehemu haikuwa imetoka kwenye kioo. Nilikuwa nimempaka mke juu ya mume. Na lile la kuomba maji? Damu ile ilikosa maji ya kusuuzwa. Sisemi zaidi ya hapo. Nakupa kama nilivyopokea.

Ungedhani nilikwenda mbio kwa tabibu. Sikwenda. Niliogopa kufukuzwa, nikaogopa kurudi mjini na aibu, nikajiambia nitasema kesho. Jumatano nilipita nyumbani kwa Nyamizi nikamwona anagawa vyungu vyake kwa majirani, kimoja kimoja, akieleza kipi kinafaa mboga na kipi kinavuja. Mwanawe wa miaka mitatu alikuwa ameshapelekwa Kigwa kwa shangazi. Nikamsalimu, nikapita. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa naficha maradhi yangu nyuma ya kifo cha mwenzangu.

Alhamisi asubuhi Mzee Mihambo akarudi.

"Shikamoo, Mzee. Pole na msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa. Naambiwa tuna malale."

"Ndiyo, Mzee. Mjane wa Maganga."

Akavua kofia, akaiweka mezani polepole. "Huyu mama amelala porini lini?"

Kule kwetu kambi ya asali ni ya wanaume. Wanaingia msitu wa miombo wiki kadhaa, wanalala kwenye vibanda vya magome karibu na mizinga yao, na mbung'o wako huko. Mwanamke kazi yake huanza asali ikishafika nyumbani. Nyamizi hakuwahi kukanyaga kambini hata siku moja, na kila mtu alijua hivyo, nami nilijua.

Mzee akakaa kwenye hadubini, akatazama muda mrefu. Kisha akaniita. "Weka jicho. Zungusha hii skrubu ndogo, taratibu."

Nikazungusha. Kwanza zikaja chembe za damu ya Nyamizi, mviringo, safi, hakuna malale. Nikazungusha tena kidogo sana. Chembe zikafifia, na kutoka chini yake vikapanda vile vijidudu vilivyopauka, kama mtu anayeinuka kutoka chini ya maji.

"Viko chini ya damu yake," akasema. "Si ndani yake. Hapa kuna watu wawili."

Nikaanza kulia. Hakunigombeza. Alisema, "Kuosha vibaya nakusamehe, kisima kimekauka. Namba hii uliiona lini?"

"Jumanne."

"Leo ni siku gani?"

"Alhamisi, Mzee."

Akaichomoa slaidi kwenye hadubini. Baadaye akasema, "Babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba mizigo kutoka Kwihara hadi pwani. Mzigo alioufunga vibaya ulimchubua bega lake mwenyewe, akajifunza. Sisi tukifunga vibaya, bega linalochubuka ni la mwingine. Ndiyo maana hatujifunzi upesi."

Akaleta maji yake ya kunywa aliyotoka nayo safari. Akanitolea mkobani mwake slaidi isiyowahi kupakwa damu, akasema niioshe mbele yake. Nikaiosha kwa sabuni, pande zote mbili, nikaisuuza mpaka akasema basi, nikaitumbukiza kwenye spiriti, nikaifuta kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, nimeishika kingo tu. Kisha akadondosha tone la maji juu yake. Tone likatandaa lote. "Likijikunja kama jasho juu ya mafuta, rudia," akasema. Tukampima Nyamizi upya. Alikuwa na malaria tu, ile ya kila siku.

Kumweleza akaniachia mimi. Alinisindikiza, ila akasimama uani. Nyumba ilikuwa tupu, umebaki mkeka. Nikamwambia Nyamizi kila kitu, nikitazama miguu yangu.

Hakunitukana. Alisema, "Nilikuwa nimeshakubali." Akarudia mara ya pili, kama anayejaribu kulirudisha neno mahali lilipotoka. Kisha akauliza, "Kwa hiyo uliyemwona ni yeye?"

"Ni damu yake, dada."

"Nipeleke."

Aliinamia hadubini akakaa hapo mpaka jua likahama kwenye kijioo na giza likaingia ndani ya lenzi. Alipoinuka aliuliza kama Maganga alikuwa amekaa kwenye lile sanduku miezi yote minne. Mzee akasema ndiyo. Nyamizi akaomba apewe. Mzee aliitia slaidi kwenye spiriti, akaiacha ikauke, akaifunga kwa karatasi mara mbili, akamkabidhi kwa mikono miwili. Nyamizi akaifunga kwenye pindo la kanga yake. Mlangoni akageuka, akanitazama mimi.

"Msimwoshe tena," akasema.

Vidonge vilimponya. Vyungu alirudishiwa vyote. Lakini mtoto aliporudi kutoka Kigwa alikataa kupakatwa na mama yake mpaka mvua zilipoanza, kwa kuwa shangazi alikuwa amemwambia mama anaondoka na baba. Nilimwona mara nyingi amesimama mlangoni akimkagua mama yake, kama anayehakikisha ni mzima. Ile ilikuwa kazi ya mikono yangu, na hakuna sabuni ya kuitoa.

Sasa sikiliza, mwanangu. Siku hizi slaidi za wagonjwa hutumika mara moja zikatupwa, nanyi mna bahati. Zitupe kama mlivyoagizwa, usikihurumie kioo. Hizi za mazoezi yenu ndizo utakazoosha. Zilizokwisha kutumika zilale kwenye dawa kwanza, tena kwenye beseni lake, zisichanganyike na mpya. Na mpya nazo zioshe, maana hutoka kiwandani na mafuta. Sugua moja moja. Suuza mpaka uone unapoteza maji, kisha suuza tena. Yenye mkwaruzo iache, hata kama inakuuma.

Vile vijioo vyembamba vya kufunikia usivisugue, vitakukatikia vidoleni. Vitumbukize kimoja kimoja kwenye sahani ya maji ya sabuni, uvitikise polepole, uvisuuze, uvipitishe kwenye spiriti, uvikaushe kati ya vitambaa viwili laini. Vipange kwenye kisahani chenye mfuniko, karatasi laini katikati, visije vikagandana. Slaidi zifunge kwenye karatasi safi kwa vifurushi vidogo, uziweke mahali pakavu, kwenye boksi linaloziba. Masika unyevu hupanda juu ya kioo kama ukungu, na ukungu huo utakudanganya jicho. Zile za kufundishia, zenye damu ya watu, zikae mbali kabisa, na ufunguo wake usikae pamoja na haraka yako.

Na haya yote ni nusu ya nasaha. Utakosea, hata ukiwa hodari, kwa sababu maji yatakatika na mikono itachoka. Siku hiyo usilale na kosa. Sema leo, kwa mdomo wako, kwa yule yule linayemhusu, hata kama sauti itakutetemeka. Mimi nilichelewa siku mbili, na katika siku hizo mbili mwanamke mzima alijifunza kufa.

Nenda kaoshe, mwanangu. Mungu akupe mikono isiyo na papara na ulimi usioogopa kweli. Akukinge na kazi yenye kung'aa juu iliyooza chini. Na siku damu yako mwenyewe itakapopakwa na mgeni usiyemjua, ikikute kioo ambacho ndani yake hakuna mtu.