Ubeti wa Tatu wa Gwantwa Haumo Kwenye Simu

Asubuhi, mtaa wa Mpemba, mjini Tunduma. Gwantwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, anamenya viazi na wanawake wa nyumba ya harusi. Hakuitwa kupika. Yeye ni mwimbaji, na kesho ndiye atakayemwimbia bibi harusi. Leo amekuja kusikiliza.

“Alikuwaje alipokuwa mdogo?” anauliza.

“Mkaidi huyo!” anadakia Ferista, shangazi wa bibi harusi. “Unamtuma maji, unamkuta kwenye ngoma, ndoo kichwani, anacheza!”

Wanawake wanaangua kicheko. Gwantwa anatabasamu tu, midomo ikichezacheza. Analishika neno.

Miaka minne iliyopita alirekodi wimbo wake wa harusi studio, Mlowo, akauweka kwenye flashi auze. Wiki haikuisha, wimbo ulishasambaa. Madereva wa malori walirushiana kwa simu kwenye foleni ya mpakani, vibanda vya kuingiza nyimbo vikauingiza, na ng'ambo, Zambia, watu wakaucheza bila kujua ni wa nani. Flashi zake zikabaki kwenye beseni bila mnunuzi.

“Lililoniuma zaidi ni harusi moja ya Ruanda ya huku kwetu,” anasema. “Wameniita wenyewe, nimefika nimependeza, MC ananiambia, ‘Dada, wewe kaa ule, wimbo wako ninao humu kwenye simu.’”

Alikaa, akala. Njiani akalia. Msimu mzima akauza nyanya, hakuimba hata jikoni kwake.

Akiwa kwenye nyanya hizo ndipo wazo lilipomjia. Beti mbili za kwanza zilishakuwa za watu wote, basi ziwe. Wa tatu angeutunga upya kwa kila nyumba, kwa majina na vituko vya wenyewe. Tangu hapo wanamwita tena, na siku moja kabla ya harusi lazima afike jikoni.

“Mara ya kwanza nilimsahau shangazi mmoja,” anasema. “Mpaka leo hanisalimii. Sasa naanza na mashangazi.”

“Na kesho mtu akikurekodi, akarusha?” anauliza Ferista.

“Arushe, shangazi. Harusi ya nani watapiga wimbo unaokusema wewe?”

Anachotamani sasa ni spika na maiki zake mwenyewe, asimngojee MC yeyote ampe nafasi. Anaweka akiba pole pole.

“Basi mimi unitaje mwanzo kabisa,” anasema Ferista.

Gwantwa anachukua kiazi kingine. “Haya, shangazi. Nikutaje kwa lipi?”