Spika ya Kulia

Tarehe 14 Juni 2004 alifaulu mtihani wa ufundi umeme wa magari, na tangu hapo hajafanya kazi nyingine. Wateja humwita Fundi Besi. Karakana yake ni kontena lililokatwa dirisha, na sifa yake ni moja: huisikiliza redio ya gari kwanza, ndipo hushika bisibisi.

Wiki iliyopita dereva wa teksi, rafiki yake wa siku nyingi, alileta gari ambalo redio yake ilikoroma kila alipokanyaga mafuta. Fundi alikuta waya wa ardhi umelegea nyuma ya redio. Akaukwangua kutu, akaukaza, mkoromo ukakoma. Kisha akakaa kiti cha dereva kujaribu, akatikisa kichwa. Spika ya mlango wa kulia ilikuwa kimya.

Alibadilisha nyaya, kimya. Akafunga spika mpya, kimya. Mita ilionyesha umeme unafika. Dereva, aliyeegemea mlango huohuo, alishindwa kuvumilia.

"Kaka, hii spika inanipigia kelele hapa kiunoni. Unataka iimbe mpaka itapike?"

Fundi alidhani ni utani wake wa kila siku. Akaweka kiganja kwenye spika, ilitetemeka. Ndipo akapiga magoti juu ya kiti, akageukia nyuma. Spika ya mlango wa kulia ikasikika vizuri. Ya kushoto ndiyo iliyonyamaza. Ubovu ulikuwa umegeuka pamoja naye.

Akazima redio. Dereva naye akaacha utani. Fundi alimwomba jambo hilo liishie humo garini, kwani nani atampelekea redio fundi asiyesikia?

"Mimi nitanyamaza," dereva alisema. "Na shemeji je?"

Jioni Fundi alimweleza mkewe, ambaye ni mshonaji, naye alimsikiliza hadi mwisho bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani. Kwa muda mrefu alikuwa akimwita kutoka upande wake wa kulia asijibiwe, na zaidi ya mara moja walilala wamenuniana.

"Nilidhani umenichoka, baba watoto," alisema.

Alimjibu kwamba yeye naye alidhani mwenzake amepunguza maneno.

Jumatano watakwenda wote wawili hospitalini akapimwe sikio la kulia. Hadi majibu yatoke, Fundi Besi anapokea kazi za taa na betri tu.